Sanga, makaburi ya miaka elfu moja juu ya mto wetu: somo kwa Kisangani isiyojua hesabu ya wafu wake

KISANGANI – Maji yanayopiga mawe ya Wagenia hayakuanzia hapa. Kabla ya kufika chini ya miti mirefu ambayo wavuvi wa Kienya wanafunga vikapu vyao vya kutegea samaki, yamesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kusini yakiitwa Lualaba. Huko juu, katika jimbo la Haut-Lomami, mto unapita katika bonde la Upemba, kati ya maziwa, matope na mafunjo. Kando ya ziwa Kisale kuna kijiji kinachoitwa Sanga. Chini ya udongo wake wamelala watu waliozikwa kuanzia miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, kizazi juu ya kizazi, pamoja na vyungu vyao, shaba yao na chakula chao cha safari ya mwisho.

Wataalamu wa historia ya Afrika wanakihesabu kituo hicho kati ya makaburi ya kale yenye maana kubwa zaidi katika Afrika ya kati. Lakini ukiuliza sokoni Kisangani, au hata katika madarasa yetu mengi, ni wachache waliowahi kusikia jina la Sanga. Watoto wanajifunza Stanley alifika maporomoko ya Boyoma mwaka gani. Hawafundishwi kwamba kwenye mto huohuo, karne nyingi kabla ya Stanley, palikuwa na wahunzi, wavuvi na wafanyabiashara waliowazika wafu wao kwa utaratibu mkubwa.

Sanga inatuhusu kwa sababu nyingine pia. Wafu wake wa miaka elfu moja wamehesabiwa, kaburi kwa kaburi, chungu kwa chungu. Wafu wa Kisangani wa mwaka 2000 hadi leo hawana hesabu moja.

Njia ya kupanda mto

Kwa anayetoka Kisangani, njia ya kwenda Sanga ni yenyewe somo la historia. Mto haupitiki moja kwa moja. Kati ya Kisangani na Ubundu kuna maporomoko saba ya Boyoma, ndiyo maana wakoloni walijenga reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906. Kutoka Ubundu safari ya maji inaendelea hadi Kindu. Hapo mto unazuiwa tena, na reli nyingine inashika njia ya Kongolo. Juu ya Kongolo, Lualaba unafunguka tena kwa mashua, kilomita zaidi ya 600 hadi Bukama, ambako reli ya Katanga ilifika mwaka 1918.

Ziwa Kisale liko kwenye sehemu hiyo ya mwisho. Kwa hiyo wanaokwenda huko siku hizi mara nyingi wanatokea Lubumbashi, wanafika Bukama, kisha wanashuka na mto. Wanaotoka kwetu ni wachache, maana reli na mashua za zamani hazifanyi tena kazi kama zamani.

Anayefika asitegemee kuona kuta za mawe au minara. Mandhari yenyewe ni maji, mafunjo na ndege. Katika ziwa Kisale kuna visiwa vya majani vinavyoelea, na wavuvi wanajenga vibanda vyao juu yake. Makaburi ya kale hayana alama juu ya ardhi. Yanajulikana pale jembe au mvua inapofunua kipande cha chungu, au pale mtu anapochimba shimo na kukuta kitu ambacho hakukitegemea. Historia yote ya Sanga iko chini ya miguu, na anayetembea bila kujua anapita juu yake.

Waliofungua ardhi

Uchimbaji wa kwanza wa kitaalamu ulifanyika mwaka 1957, wakati nchi ilikuwa bado koloni ya Ubelgiji. Mwanaakiolojia Jacques Nenquin alifungua makaburi ya kwanza. Mwaka uliofuata, 1958, Jean Hiernaux aliendelea na kazi hiyo. Baada ya uhuru, mwaka 1974, Pierre de Maret alirudi Sanga, na mwaka 1975 akachimba katika vituo vingine vya bonde hilo: Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kwa Sanga peke yake, makaburi zaidi ya 150 yamechunguzwa, na hiyo ni sehemu ndogo tu ya yaliyopo.

Kazi ya namna hiyo haifanani na kuchimba dhahabu. Mchimba dhahabu anatafuta kitu, akikipata anaondoka nacho. Mwanaakiolojia anatafuta mpangilio: mfu amelazwa upande gani, mkono uko wapi, chungu kiko kichwani au miguuni, kaburi hili limekata kaburi lile au limekatwa nalo. Kila kitu kinachorwa na kupimwa mahali pake kabla ya kuguswa, kwa sababu kikishatolewa, mpangilio hauwezi kurudi.

Pale Sanga mpangilio huo ulikuwa mgumu kusomeka. Watu wa nyakati mbalimbali walizika mahali pamoja. Shimo la mtu wa karne ya 15 linaweza kupasua kaburi la mtu wa karne ya 11, na mifupa ikachanganyika na vyungu vya nyakati mbili. Nenquin alitambua aina tatu za vyungu, lakini hakuweza kuonyesha wazi ni ipi iliyotangulia. Ilibidi kungojea uchimbaji wa de Maret, kwenye vituo ambako tabaka hazikuvurugika sana, ili mfuatano ujulikane.

Saa iliyofichwa ndani ya makaa

Umri wa makaburi ulipatikanaje, wakati hakuna maandishi? Kwa makaa na vitu vingine vilivyowahi kuwa hai. Kila kiumbe kinapoishi kinaingiza mwilini aina ya kaboni inayopungua polepole baada ya kufa. Nusu ya kaboni hiyo inatoweka katika miaka kama 5,730. Wataalamu wanapima kilichobaki, na kutoka hapo wanajua ni lini mti ulikatwa au kiumbe kilikufa. Vipimo vya kwanza vya Sanga viliangukia karne ya 8 na ya 9. Hapo ndipo wengi waliposhtuka, maana walidhani mambo hayo ni ya juzijuzi.

Leo mfuatano wa bonde la Upemba unajulikana hivi. Tabaka la zamani linaitwa Kamilambiano, kutokana na jina la Kamilamba. Juu yake, kuanzia karne ya 8, linakuja Kisaliano, lenye jina la ziwa Kisale, na ambalo lilifikia kilele chake kati ya karne ya 11 na ya 13. Kisha, kuanzia karne ya 14, linafuata Kabambiano, lililoendelea hadi karne ya 18. Na juu kabisa wako Waluba wa nyakati zetu, ambao wanaishi, wanavua na wanazika wafu wao katika bonde lilelile. Ni sehemu chache katika Afrika ya kati ambako maisha ya watu yanaweza kufuatwa hivyo bila kukatika kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Vyungu vidogo kwa watoto wadogo

Makaburi ya Kisaliano ndiyo yanayomgusa zaidi mtu wa kawaida. Mfu alilazwa pamoja na vyungu, wakati mwingine vingi sana, na vingi havikuwa na alama ya kutumika jikoni. Inaonekana vilifinyangwa kwa ajili ya mazishi. Ndani yake au kando yake kulikutwa mifupa ya samaki na ya wanyama wa kufugwa: chakula walichomwekea ndugu yao. Wengine walizikwa na mikuki, ndoana, kengele za chuma, mikufu na bangili za shaba, na mapambo ya pembe za ndovu.

Kati ya vitu hivyo kuna jiko la udongo lenye pembe tatu za kushikilia chungu. Mvuvi yeyote wa mto anajua kazi yake: ni jiko la kupikia ndani ya mtumbwi, bila kuunguza mbao. Mtu wa miaka elfu moja iliyopita aliona ni vema ndugu yake asafiri nalo.

Halafu kuna makaburi ya watoto. Watafiti waligundua kwamba ukubwa wa vyungu unafuatana na umri wa aliyezikwa: mtoto mdogo amewekewa vyungu vidogo, aliyekua kidogo amewekewa vikubwa kidogo. Mfinyanzi aliketi akatengeneza chungu cha kipimo cha mtoto, akijua hakitapika chakula hata siku moja. Hakuna maandishi yaliyobaki kutoka kwa watu hao, lakini hapo wanaeleweka bila mkalimani.

Baadhi ya watoto hao walizikwa na mali nyingi kuliko watu wazima. Mtoto hajapata muda wa kuitafuta mali kwa jasho lake. Kwa hiyo wataalamu wanaona hapo dalili kwamba cheo kilikuwa tayari kinarithiwa katika familia fulani.

Misalaba ya shaba, pesa ya mababu

Shaba ya Sanga haikutoka Sanga. Migodi iko zaidi ya kilomita 200 upande wa kusini, katika eneo ambalo leo lina Kolwezi na Likasi. Kauri, yaani makombe madogo ya baharini yaliyokutwa katika makaburi machache, yametoka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000. Watu wa bonde walikuwa na samaki wa kukausha, na samaki mkavu anasafiri. Kabla ya msafara wowote wa Waarabu au Wazungu kufika Lualaba, biashara ilikuwa inapita kutoka mkono hadi mkono.

Katika makaburi ya Kabambiano tunaona biashara hiyo ikibadilika mbele ya macho yetu. Mwanzoni, misalaba ya shaba ni mikubwa, na inawekwa juu ya kifua cha mfu kama kitu cha heshima. Karne zinavyopita, misalaba inakuwa midogo, mingi, yenye vipimo vinavyofanana, na inawekwa karibu na mikono au kiunoni, mahali ambapo mtu angeshika au kufunga pesa yake. De Maret alieleza kwamba hapo tunaona kitu cha thamani kikigeuka polepole kuwa sarafu ya kununulia mambo ya kila siku. Misalaba hiyo haikusahaulika: mwaka 1960, Katanga ilipojitenga, iliweka misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera yake.

Mfalme kabla ya hadithi ya mfalme

Waluba wanasimulia kwamba ufalme wao ulianza pale Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji Mbidi Kiluwe, alipomshinda mfalme mkali Nkongolo. Masimulizi hayo yalitunzwa na wanachama wa chama cha Mbudye, waliotumia lukasa, ubao wenye shanga na alama za kukumbushia majina, safari na matendo.

Makaburi ya Upemba hayaikanushi hadithi hiyo, lakini yanaongeza jambo. Kamilamba ilitoa kaburi la mwanzo wa Kisaliano ambamo mtu alizikwa na shoka la heshima, lenye mpini uliopambwa kwa misumari, pamoja na fuawe ya chuma. Shoka la namna hiyo na fuawe ya mhunzi vilibaki alama za mamlaka kwa wafalme wa Waluba hadi nyakati za karibuni. Maana yake ni kwamba alama za utawala zilikuwa zimekwisha kuzaliwa miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Ufalme haukuletwa tayari ndani ya kapu na mgeni mmoja. Ulikua polepole pale pale, kwa samaki, chuma na shaba.

Hiyo ndiyo faida ya wafu wanaoachwa katika mpangilio wao: wanaweza kutoa ushahidi hata pale ambapo walio hai wamebaki na hadithi tu.

Kisangani nayo ina tabaka zake

Tukishuka tena na mto hadi kwetu, tunakuta mji uliojengwa juu ya tabaka nyingi, ingawa hakuna anayeziita hivyo. Chini kabisa wako watu wa mto na wa msitu, Waenya na majirani wao. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1877 Stanley alipita maporomoko akishuka na mto. Mwezi wa 12 wa mwaka 1883 alirudi kuweka kituo kilichokuja kuitwa Stanleyville. Waungwana na wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamefika pia, na mwaka 1887 Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, alifanywa gavana wa eneo hilo kwa niaba ya Leopold II. Kiswahili tunachokizungumza ni sehemu ya tabaka hilo, pamoja na kumbukumbu chungu ya watumwa na pembe za ndovu.

Likafuata tabaka la koloni. Likafuata la 1964: Wasimba waliuteka mji mwezi wa nane, na tarehe 24 mwezi wa 11 askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishushwa na ndege za Marekani. Kabla ya siku hiyo, na baada yake, waliuawa Wakongomani wengi na wageni, wakiwemo mapadri na masista. Kisha tukaja kwenye tabaka ambalo wengi wetu tuliliona kwa macho, la vita kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda: mwezi wa nane 1999, mwezi wa tano 2000, na siku sita za kuanzia tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita 2000.

Utafiti wa tabaka za zamani zaidi katika eneo letu umeanza. Mwaka 2010 safari ya kisayansi iliyoitwa Boyekoli Ebale Congo iliunganisha Chuo Kikuu cha Kisangani na taasisi za Ubelgiji, likiwemo jumba la makumbusho la Tervuren, kwa uchunguzi wa mto kati ya Kisangani na Bumba. Pamoja na watafiti wa samaki na mimea walikuwemo wanaakiolojia. Walipita vijiji vya kandokando wakitafuta vipande vya vyungu, na wakakuta dalili za maisha ya kale. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mambo ya kale ni ya Katanga peke yake.

Namba mbili kwa wafu walewale

Lakini tabaka la karibu ndilo linalouma. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 kuhusu uhalifu uliofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003 inasema kwamba vita vya siku sita viliua raia kati ya 244 na 760, vikajeruhi zaidi ya 1,000, na kubomoa nyumba za watu zaidi ya 400. Kanisa kuu la Notre-Dame, shule na vituo vya afya viliharibiwa pia.

Tuisome tena namba hiyo: kati ya 244 na 760. Tofauti ni watu 516. Kila mmoja wa hao 516 alikuwa na jina, mama na jirani. Hakufa katika karne ya 11. Alikufa wakati mji ulikuwa na ofisi za serikali, mahospitali, parokia na misikiti, vyote vyenye daftari.

Jambo hilo si la kumbukumbu tu, ni la haki pia. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki (CIJ) ya La Haye iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa nchini Kongo. Ilipofika wakati wa kupanga fidia, Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 mahakama ilitoa dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara kwa watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili. Majaji waliona kwamba fomu nyingi za wahanga hazikuambatana na vielelezo vya kutosha. Hawakuweza kuhesabu mtu kwa mtu, wakatoa jumla.

Sasa mfuko wa FRIVAO, wenye makao yake makuu hapa Kisangani, una kazi ya kuwatambua wahanga na kuwafikishia fidia. Na swali linalorudi kila mara mbele ya kila familia ni lilelile ambalo mwanaakiolojia anajiuliza mbele ya kaburi: huyu ni nani, alikufa lini, alilazwa wapi, na ni kitu gani kinachothibitisha? Pale ambapo jina liliandikwa, ambapo msalaba au jiwe lilibaki, ambapo kaburi halikufunikwa na nyumba, kuna jibu. Pale ambapo hakuna, mjane anabaki na neno lake tu.

Wafu walio mbali

Kuna wafu wengine ambao hawakuvurugwa ardhini, bali walichukuliwa. Mwezi wa 12 wa mwaka 1884, upande wa ziwa Tanganyika, watu wa afisa Mbelgiji Emile Storms walimuua chifu Lusinga lwa Ng'ombe na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, likaishia katika mkusanyiko wa taasisi ya sayansi ya asili ya Brussels. Mabaki ya watu wengine wengi wa Kongo yako katika makumbusho na vyuo vya Ulaya, mara nyingi yakiwa na namba bila jina.

Kisangani inajua maana ya kupokea kilichobaki. Mwezi wa sita 2022, jino la Patrice Lumumba, kitu pekee kinachojulikana kubaki cha mwili wake, lilirudishwa na Ubelgiji. Kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30, jeneza lilipitishwa katika kijiji chake cha Sankuru, likafika hapa kwetu, mji uliokuwa ngome yake ya siasa, kisha likaenda Shilatembo alikouawa. Jino moja lilitosha kukusanya umati wa watu.

Vitu vya Sanga navyo vimegawanyika: viko Lubumbashi na viko Tervuren. Mjadala wa kurudisha vitu vya Kongo unaendelea, na ni wa haki. Lakini hauwezi kuishia kwenye mikataba ya Brussels na Kinshasa. Chungu cha mtoto wa Kisale kikirudi katika nchi ambayo watoto wake hawajui Kisale ni nini, kitakuwa kimebadilisha kabati tu.

Ukikuta mfupa au chungu

Kuna la kufanya bila kungojea. Mji unapanuka, watu wanajenga, na kila shimo la msingi, la kisima au la choo linaingia katika tabaka fulani. Ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971, inayolinda mali ya utamaduni, inataka mtu anayekuta kitu cha kale kwa bahati atoe taarifa kwa mamlaka, na inakataza kufanya uchimbaji wa namna hiyo bila ruhusa.

Kwa maneno ya kawaida: ukikuta mifupa au vyungu, simamisha jembe. Usivitoe, kwa sababu mahali vilipo panasema zaidi kuliko vyenyewe. Piga picha kwa simu, ukiweka kando kitu kinachoonyesha ukubwa, kwa mfano kiberiti. Andika tarehe, mahali na urefu wa kwenda chini. Kisha mjulishe chifu au ofisi ya komini, na Chuo Kikuu cha Kisangani. Kama mifupa inaonekana kuwa ya karibuni, jambo linahusu pia parke, maana huenda ni ndugu wa mtu anayemtafuta tangu 2000.

Na kwa familia zenye wafu wa vita ambao kaburi lao linajulikana kwa kichwa cha mzee mmoja tu: chukueni daftari. Andikeni jina kamili, tarehe, mahali alipoangukia, aliyemzika na majirani waliokuwepo. Wekeni nakala parokiani au msikitini na nyingine kwa mjukuu. Wazee waliowazika wafu wa siku sita wanapungua kila mwaka, na kila anayeondoka bila kuandikwa anaondoka na makaburi kadhaa.

Wafinyanzi wa Sanga hawakujua kuandika. Walichoweza kufanya ni kumlaza kila mfu mahali pake na kumwekea chungu cha kipimo chake, na kwa kufanya hivyo walituachia hesabu inayosomeka baada ya miaka elfu moja. Sisi tunajua kuandika. Tofauti kati ya 244 na 760 bado inaweza kupunguzwa, jina kwa jina, maadamu waliokuwepo bado wako hai.